Bwana Samaki na Ziwa Linalogeuka

Kabla ya kukaa kwenye kiti cha mtu, Bwana Samaki aliuliza kwanza mlango wa nyuma uko wapi. Mara ya kwanza alipokuja kwangu Wanyange, kijiji cha wavuvi kando ya ziwa, kuangalia tanuri ninalokaushia samaki kwa moshi, nilidhani anauliza choo, nikamwonyesha choo. Akaenda, akarudi, akauliza tena. Nikamwambia nyumba yangu ni vyumba viwili vya kupanga, mlango wa kutokea ni huo huo mmoja, na moto ukiwaka tutasukumana hapo hapo sote. Basi akakaa kizingitini, mguu mmoja ndani, mwingine nje, na hapo ndipo alipokaa kila alipokuja kwa miaka yote tuliyokuwa majirani.

Sijapata kumwona mtu mwoga kama yule. Na mwisho wa yote uoga wake haukumkinga: asubuhi moja nusura auawe pale pale ufukweni, mbele ya macho yangu, kwa kufanya jambo ambalo kwao kila mtoto hufundishwa kulifanya. Nitafika huko. Mtu ambaye hakumjua kwanza ataona ni kisa cha ujinga tu, na mjinga hakuwa.

Jina lake halisi lilikuwa refu na halikutukaa mdomoni. Alikuja na mradi wa kufundisha watu kufuga samaki ndani ya vizimba vya nyavu ziwani, na wazee wa Busoga tangu zamani mtu yeyote anayeletwa kwa ajili ya samaki humwita Bwana Samaki. Mradi ukaisha, magari yakaondoka, yeye akabaki. Watoto walimwita Mchina. Alikuwa akisimama kuwaeleza kwamba si Mchina, ni wa Ufilipino, na kwa kuwa hakuna aliyejua Ufilipino iko wapi, aliokota kijiti akachora mchangani. Lakini hakuchora nchi. Alichora mji wake, mji mdogo kando ya ziwa, na kila mara alianza na ziwa.

Tulielewana kwa sababu ya Kiswahili. Mimi ni binti wa Namakwekwe, Mbale, nyumba ya Waislamu ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya jikoni. Pale Wanyange watu walikielewa lakini hawakukipenda. Kwao kilikuwa lugha ya watu wenye viatu vizito, waliogonga milango enzi za utawala wa jeshi, na mtu akiongea Kiswahili kwa sauti kubwa wazee walinyamaza ghafla. Sasa ongeza hapo kwamba Bwana Samaki alifundishwa Kiswahili na jirani yake, Afande, askari magereza kutoka kaskazini, mtu mwema ambaye maisha yake yote hakuzoea kuongea ila kwa amri. Alichojua mwalimu ndicho alichokijua mwanafunzi. Akitaka chumvi dukani alisema, "Leta chumvi. Haraka." Siku moja alimwita mama mmoja muuza ndizi amrudishie kofia iliyopeperuka. Alimwambia, "Wewe, simama hapo." Yule mama akatua kikapu, akainua mikono juu. Nikamshauri Bwana Samaki aongeze neno la heshima. Akaanza kusema, "Simama hapo, tafadhali," na hilo likawatisha watu zaidi.

Yeye mwenyewe hakujua kama anatisha. Angejua angelia, maana alishughulika sana na hofu zake hata hakuona za wengine.

Mji wake niliujua kuliko miji mingi ya Uganda. Una barabara moja inayoshuka kutoka mlimani hadi gatini, na mbele ya gati kuna kanisa la kuta nene, uwanja wa mikutano na ofisi ya meya. Umeya, kama nilivyoelewa, ulikuwa ukizunguka ndani ya ukoo mmoja, baba kwa mwana kwa shemeji, na watu walilalamika kisha wakawapigia kura tena. Baadhi ya vijiji vya mji huo hufikiwa kwa boti tu. Ndani ya ziwa kuna samaki wadogo wa fedha, wanaofanana na mukene wetu, dagaa hawa tunaowaanika juani, na watu wa huko huapa kwamba hawapatikani kwenye maji mengine yoyote ya dunia. Kila mwaka humpandisha mtakatifu wao kwenye boti iliyopambwa maua, wakamzungusha ziwani huku boti nyingine zikimfuata kwa nyimbo.

Na katikati ya ziwa kuna mlima wa moto. Hapo alipofika kwenye mchoro wake aliacha kucheka. Mji anaoujua yeye, alisema, si ule wa kwanza. Mji wa kwanza ulifunikwa, watu wakahamia juu kidogo wakajenga upya, na kuta za kanisa la zamani bado zipo, zimemezwa na majani. Kila nyumba ina kifurushi kimening'inia karibu na mlango: nguo, mchele, picha za marehemu. Watoto hulala viatu vikiwa vimeelekezwa nje. Nilimwuliza kwa nini basi hawahami wakaenda mbali. Akanitazama kana kwamba nimemwuliza kwa nini hawaachi kula. Alijibu kwamba samaki wako pale.

Lakini si mlima aliouogopa zaidi. Aliogopa ziwa lenyewe, kwa sababu ziwa la kwao hugeuka. Miezi mingine upepo ukibadilika, maji ya chini yasiyo na hewa hupanda juu, yakiwa na harufu ya kibiriti, na samaki hukosa pumzi. Asubuhi unakuta ziwa jeupe kwa matumbo yao. Wenye vizimba hulia, maana mali yao yote imekufa kwa mara moja. Na hapo mji una desturi yake. Wa kwanza kuona hupiga debe au mtungi wa gesi mtupu kupitia nyumba zote, na kila mtu huingia majini kuokota, meya na mwizi bega kwa bega. Samaki aliyeelea hana mwenyewe. Walio hai bado huliwa siku hiyo hiyo, wengine hutiwa chumvi, na kumwacha samaki aoze ufukweni ni aibu ya mji mzima. Aliniambia kwamba siku kama hiyo watu wa kwao hulia na kushiba kwa wakati mmoja.

Ndiyo maana kila asubuhi pale Wanyange alishuka majini kabla ya chai, akachovya mkono, akanusa vidole. Nikipita na beseni langu nilimtania, "Vipi, limegeuka?" Alijibu neno moja tu: "Bado." Ningependa aseme haligeuki, au ziwa letu ni kubwa mno, au niache upuuzi. Lakini alisema bado, na mimi niliyezaliwa mjini nikaanza kuyaangalia yale maji kwa jicho la wasiwasi.

Alikuwa mtu wa mambo yasiyokutana. Aliogopa ziwa, lakini nyumba yake ilikuwa karibu na maji kuliko ya mvuvi yeyote. Aliogopa radi, mbwa, pikipiki na daktari wa meno, ila aliogelea mbali hata wavuvi wakamwita arudi. Alikuwa Mkatoliki wa kwenda misa kila Jumapili, na bado hakupanda boti bila kumwagia ziwa waragi kidogo, pombe kali ya kwetu, akaomba radhi kwa lugha ya kwao. Na akiogopa aliimba. Alikuwa na sauti nzuri kupita kiasi, nyororo, na mgeni aliyepita njiani alisimama akasikiliza akidhani kuna furaha mle ndani. Sisi majirani tulijua. Tukimsikia anaimba tuliangalia mawinguni.

Kisha ikaja miaka ya mwisho ya tisini, na hofu ikawa yetu sote. Magugu maji yalikuwa yamefunika ghuba, boti zikishindwa kutoka. Halafu redio zikatangaza kwamba kuna watu wanamwaga dawa ya kuulia wadudu ziwani, samaki wafe waelee, wawaokote kirahisi na kuwauza. Watu wakaogopa kula samaki kama wanavyoogopa nyoka. Mimi biashara yangu ilikuwa kupeleka samaki wa moshi Mbale, na sokoni wateja wangu walibuni sheria: muuzaji aonje kwanza. Mama anasimama mbele ya meza yangu, anachagua mputa, hawa sangara wakubwa, anamnyofoa kipande, ananipa. Natafuna, nameza, nafungua mdomo aone. Halafu anakaa kwanza na kupiga domo na wenzake huku akiniangalia kwa pembeni, kama nitaanguka. Nilidharaulika, lakini nilizoea, na nilikuwa nawajua wavuvi wangu.

Wanyange nako watu walianza kutazamana. Kila mtu aliyetoka na boti kabla ya wenzake aliulizwa alikuwa na haraka gani.

Asubuhi ninayoisema, magugu yalikuwa yamekaa ghubani siku nyingi, mazito, yakioza chini. Upepo ukageuka, ukayasukuma yote nje. Kulipoanza kupambazuka Bwana Samaki alishuka kunusa maji kama kawaida yake, akakuta ngege wanaelea kila mahali, sato wazuri, wengine bado wanafungua midomo. Akafanya alichofundishwa tangu utoto. Akachukua jerikeni tupu na kipande cha kasia, akapita mbio nyumba hadi nyumba akilipiga, akipaza sauti kwa kile Kiswahili chake cha magereza: "Amka! Wote toka nje! Ingia majini! Haraka!"

Wanyange nzima ikajua jeshi limerudi. Watu walitoka kwa madirisha wakakimbilia migombani, wengine nguo mkononi. Mimi mwenyewe, niliyeijua sauti yake, roho ilinitoka. Niliwakumbatia watoto wangu wawili nyuma ya pipa la maji na nilikaa hapo mpaka kelele zilipokoma. Watu waliporudi wakinyatia, hawakukuta askari. Walimkuta mtu mmoja, peke yake, maji kiunoni, kikapu kimejaa samaki waliokufa, anawapungia mkono waje.

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mwaka ule kila mtoto alijua kwamba anayeokota samaki wafu kabla jua halijatoka ndiye aliyemwaga sumu. Na huyu alikuwa amewafukuza watu wote kwanza ili asionekane.

Walimtoa majini kwa kumvuta shati. Nilisikia jiwe la kwanza likigonga kikapu. Alijaribu kueleza, lakini alipoogopa Kiswahili chake kilizidi kuwa amri tupu, "Nyamaza! Sikiliza!", na kila amri iliwapandisha hasira. Kijana mmoja alikuwa ameshika petroli ya mashine ya boti yake, amefungua kizibo. Nilinusa ile petroli, nikajua wazi kwamba nitaona mtu akifa na watoto wangu wataona. Niliita kwa Lusoga kwamba namjua huyu mtu, hana ubaya, na sauti yangu ikapotea katikati ya zao.

Afande alikuja na suruali ya sare na fulana, bila bunduki, bila hata viatu. Hakumtetea mwanafunzi wake. Nadhani angemtetea wangewapiga wote wawili. Alisimama kati, akatazama samaki, akaongea taratibu.

"Nyinyi ngoja," alisema. "Kama hii samaki iko na sumu, mwenye kuweka anajua. Basi yeye akule. Sisi wote naona."

Mikono iliyoshika mawe ikashuka. Ilikuwa sheria ya soko, na wote waliijua. Afande akamgeukia Bwana Samaki, akamwambia kwa upole ambao sikuwahi kuusikia kwake, "Kula, bwana."

Bwana Samaki hakuimba na hakuangalia huku na huku kutafuta pa kukimbilia. Aliniangalia mimi, akaniambia, "Dada, washa moto." Tanuri langu lilikuwa bado na makaa. Nilichagua ngege mmoja kikapuni, nikampara magamba, nikamtupa juu ya wavu bila chumvi, mikono ikifanya kazi yenyewe. Alipoiva nilimpa kwenye jani la mgomba. Akamgawa katikati. Nusu akaishika, nusu akaninyooshea mimi, akinitazama usoni kwa utulivu ambao sikuwahi kuuona kwake kwa miaka yote ile. Nikasema moyoni, huyu anajua. Huyu ameyanusa maji, anajua ni ziwa. Nikaipokea nikala, kama nilivyokula mbele ya wateja wangu wote wa Mbale, nikameza, nikafungua mdomo. Nyuma yangu nilisikia wanawake wakivuta pumzi.

Kisha tukangoja. Afande alitukalisha juu ya boti iliyopinduliwa, watu wakatuzunguka. Tumbo langu liliunguruma, na kila lilipounguruma kijasho kilinitoka, na kila niliyemwangalia alikuwa ananiangalia tumbo. Watoto wangu walikuwa wamesimama na jirani, mdogo ananyonya kidole. Bwana Samaki alianza kuimba kwa sauti ya chini. Jua likapanda, mbao za boti zikaanza kuunguza, mtu mmoja akapiga miayo. Hapo ndipo nilipojua tumepona. Waliondoka mmoja mmoja, bila kuomba radhi. Yule kijana alifunga kizibo, akaenda kutia petroli yake kwenye mashine. Kufikia mchana baadhi ya wanawake walirudi na mabeseni, wakaokota samaki waliobaki wabichi, wakapita mbele ya nyumba yake bila kumsalimu.

Wiki ile ile Afande alimsindikiza Bwana Samaki kwenda kupanda basi, naye akaondoka bila kuniaga. Sikukasirika. Nilijisifu, kusema kweli. Kila niliposimulia kisa kile sokoni nilisema, nilimwamini mtu wangu kwa sababu ana ujuzi wake, na watu wakatikisa vichwa kwa heshima.

Mwaka mmoja au zaidi ulipita kabla sijamwona tena. Nilikuwa Mbale na mzigo wangu, mtu akaniambia kuna Mchina Namakwekwe anasuka nyavu za magoli ya mpira kwa shule. Nikaenda. Sikuhitaji kuuliza nyumba, maana niliisikia sauti yake tangu kona ya fundi baiskeli, nzuri ile ile, na moyo ukanilegea kwa huruma. Nilimkuta amekonda. Chumba alikipanga, alisema, kwa sababu kina mlango wa mbele na wa nyuma. Nikamtania kwamba amekimbia ziwa akaja kukaa chini ya mlima, na huu wetu wazee wanasema zamani ulikuwa wa moto. Akajibu kwamba alishauliza, na aliambiwa umezimika. Kisha akaongeza kwamba hata kwao waliwahi kusema hivyo.

Alikuwa amepika mukene kwa nyanya. Alipakua sahani moja, akaiweka mbele yake, akaanza kula mwenyewe, mimi nimekaa namtazama. Kwetu mwenyeji hafanyi hivyo. Alikula vijiko vichache, akaweka kijiko chini, mikono magotini, akatulia, akiniangalia. Nikamwuliza kama Mbale imemsahaulisha adabu.

"Siku ile," akasema, "mimi sikujua."

Kiswahili chake kilikuwa kimelainika, amri zimekwisha. Nikamwuliza hakujua nini.

"Kama ni ziwa au ni sumu. Kwetu kuna harufu. Siku ile nilinusa, hakuna harufu. Nilipoona samaki, mwili ulikimbia wenyewe, kama nyumbani. Nilipoona mawe ndipo nilikumbuka redio."

Nilisikia watoto wa jirani wakicheza nje, na mashine ya kusaga ikinguruma ng'ambo ya barabara. Sijui kama nimewahi kuogopa hivyo, hata siku yenyewe, kwa maana siku yenyewe nilikuwa nimemwegemea yeye.

"Ukanipa nusu," nikasema.

"Ndiyo."

"Mimi nina watoto, Bwana Samaki. Walikuwa wamesimama pale wananitazama."

"Najua, dada," akasema. "Ndiyo sababu watu waliamini."

Hakuomba msamaha. Nilitaka kumtukana. Akaeleza, macho sakafuni, kwamba tangu siku ile hampi mtu chakula kabla hajala yeye na kungoja. Kisha akaangalia kivuli cha mlango kama anayepima saa, akaisukuma sahani upande wangu.

Nikamwuliza mlango wa nyuma uko wapi. Akanionyesha kwa kidole, nyuma ya pazia. Sikutoka, nilitaka tu kujua. Nikakichukua kijiko. Nikala, jicho moja kwenye lile pazia.